Jinsi ya kuhesabu kreni za mji na kujua ujenzi unaelekea wapi

Maswali ni yale yale kila mara: nihesabu kreni zipi, nihesabu lini, na namba nikishaipata inaniambia nini? Yanatoka kwa wanafunzi wa uchumi na wa ukadiriaji majenzi, kwa wauza nondo na saruji, kwa mafundi wanaotaka kujua kazi iko upande gani wa mji. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeandika mwongozo huu. Ukiufuata, ndani ya siku tatu utakuwa na hesabu yako ya kwanza. Baada ya miezi mitatu utakuwa na ya pili, na hapo ndipo faida inapoanza.

Mfano wangu ni Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakohesabu. Aliye Nairobi, Mombasa, Kigali au Dodoma abadilishe majina ya mitaa tu, kazi ni ile ile.

Kwa nini kreni? Kibali cha ujenzi kinaweza kukaa kwenye faili miaka mingi, na bango lenye picha nzuri ya jengo linaweza kupauka kwa jua kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kreni ya mnara ni habari nyingine. Inasafirishwa kwa vipande, inachimbiwa msingi wake wenyewe wa zege, inalipiwa kila siku inayosimama pale, na opereta wake ana mshahara. Ukiiona imechomoza juu ya uzio wa mabati, ujue kuna fedha zimeshatoka mfukoni mwa mtu.

Kazi hii ina wenyewe duniani. Kampuni ya Rider Levett Bucknall inahesabu kreni za miji ya Australia tangu 2012, mara mbili kwa mwaka, na inafanya hivyo hivyo Amerika Kaskazini. Katika hesabu za 2023 Toronto peke yake ilikuwa na kreni zaidi ya 200. London kuna hesabu ya Deloitte ya majengo ya ofisi. Jina lake linataja kreni, lakini wahesabuji wake hutembea mtaa kwa mtaa na kutazama saiti zenyewe. Likumbuke hilo, tutalihitaji kwenye hatua ya 6.

Na kuna mfano wa kuepuka. Miaka ya 2000 ilisemwa kila mahali kwamba robo ya kreni zote za dunia ziko Dubai. Maneno hayo yalizunguka bila orodha nyuma yake: kreni ipi, mtaa gani, imehesabiwa siku gani? Usitoe namba ya namna hiyo. Andaa orodha kwanza, namba itatoka humo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kamera, GPS na dira. Simu ya kawaida inatosha.
- Ramani unayoweza kuiwekea alama. Google My Maps inafaa. Asiye na bando la kutosha apakue ramani ya OpenStreetMap aitumie bila mtandao.
- Jedwali la kompyuta, Excel au Google Sheets.
- Daftari na kalamu. Simu huzimika juani, daftari halizimiki.
- Darubini ndogo ukiipata. Usipoipata, kamera ya simu inayovuta picha karibu itasaidia.
- Mwenzako mmoja. Mmoja anatazama, mwingine anaandika.
- Kofia, maji, viatu vya kutembelea, nauli ya daladala na pantoni.

Droni haimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Kuirusha kunahitaji vibali, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hesabu yote inafanyika vizuri kwa miguu.

Hatua

1. Amua unahesabu nini, uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watu huita kila kinachonyanyua mzigo kreni au winchi, na ukihesabu hivyo utachanganya bandari na ujenzi wa nyumba. Kanuni yangu ni hii: nahesabu kreni ya mnara tu, iliyosimamishwa kwenye saiti ya ujenzi, yenye mlingoti na mkono vyote viwili. Mlingoti uliosimama bila mkono bado haujawa kreni, unaandikwa pembeni kama "inafungwa" au "inafunguliwa."

Jifunze sura zake. Iliyozoeleka ina umbo la nyundo: mlingoti, mkono mrefu wa mbele, na mkia mfupi wa nyuma uliobeba vipande vya zege vya kusawazisha uzito. Nyingine haina kile kichwa chenye kamba juu, imekuwa bapa. Ya tatu mkono wake unainuka na kushuka kama ufito wa ndoana ya mvuvi, na hupendwa pale majengo yalipobanana na mkono mrefu haupaswi kupita juu ya paa la jirani. Zote tatu zinahesabiwa.

Zisizohesabiwa ni hizi:

- Winchi za bandarini. Dar es Salaam zinaonekana kutoka mbali sana na ndizo zinazomdanganya mgeni kwanza. Zinashusha makontena, hazijengi.
- Kreni za magurudumu. Leo ziko Posta, kesho Mbezi.
- Pampu ya zege yenye mkono mrefu. Kwa mbali inafanana kabisa na kreni, ila mkono wake una viungo kama mguu wa panzi, na ikimaliza kumwaga inakunjwa na kuondoka.
- Minara ya simu na ya matangazo.

Kreni ya mnara inayojenga daraja au stesheni je? Mimi naihesabu, lakini kwenye safu ya miundombinu. Ukiamua kuiacha, sawa, mradi uiache kila mara. Kanuni iliyobadilika katikati ya mwaka inaua hesabu zote zilizotangulia.

2. Chora mpaka, kisha gawa mji kwenye kanda.

Usihesabu "Dar es Salaam" yote. Mji umeenea mno kutoka Bunju hadi Mbagala, na sehemu kubwa yake ni nyumba za chini. Chukua pale ghorofa zinapopanda. Mimi nina kanda sita: Posta na Kivukoni; Upanga; Kariakoo na Ilala; Masaki, Msasani na Oysterbay; Kinondoni, Morocco na Mikocheni; Mwenge hadi Ubungo. Mpaka uwe barabara au mto, kitu ambacho mtu mwingine atakiona bila kukuuliza. Kila kanda ipe herufi tatu: POS, UPA, KAR, MAS, KIN, MWE.

3. Tafuta vituo vya kutazamia.

Dar es Salaam ni tambarare, kwa hiyo kituo kizuri ni cha kutafuta. Unahitaji angalau viwili kwa kila kanda, vinavyoitazama kutoka pande tofauti. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni kinakupa Posta na Kivukoni kwa ukamilifu, na asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako unapotazama mjini. Njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite inakupa Upanga upande mmoja na Oysterbay upande mwingine. Mlimani, Chuo Kikuu, unauona mji kwa mbali kutoka magharibi. Huko nenda alasiri, maana asubuhi jua litakupiga machoni na kreni zote zitakuwa vivuli vyeusi visivyo na rangi.

Andika kituo mpaka ulipoweka miguu: upande wa daraja, karibu na nguzo ipi. Mara ijayo simama pale pale.

4. Panga tarehe, usizisogeze.

Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa mji mkubwa wenye kreni mamia. Kwa miji yetu napendekeza mara nne: wiki ya tatu ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Masika hupunguza kazi za zege na za juu, kwa hiyo Mei linganisha na Mei ya mwaka uliopita, usiilinganishe na Februari ukatangaza kwamba ujenzi umekufa. Sikukuu ikiangukia kwenye wiki yako, sogea siku mbili tatu tu na uandike sababu.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia saa tatu hadi saa sita asubuhi. Saa saba mafundi wanakula, na saiti yenye afya kabisa itaonekana imekufa.

5. Hesabu kwanza kwa mbali.

Ukiwa kwenye kituo anza kushoto, malizia kulia. Kila kreni ipige picha, andika rangi ya mlingoti, umbo la mkono, jengo lililo karibu nayo, na uelekeo wake kwa nyuzi za dira. Ukifika kituo cha pili fanya vile vile. Nyumbani chora mistari ya uelekeo kwenye ramani. Inapokatana ndipo kreni ilipo.

Dira ya simu hudanganywa na chuma. Kabla ya kupima, izungushe simu hewani kama unaandika namba 8, na usiishike karibu na reli za daraja au mwili wa gari. Hata hivyo usiiamini kupita kiasi: kosa la nyuzi 5 kwa umbali wa kilomita 2 linakupeleka mita 175 pembeni. Mita 175 Upanga ni mtaa mwingine wenye saiti nyingine.

6. Nenda saiti.

Hatua hii haina mbadala. Hesabu ya mbali inakuambia wapi pa kwenda. Hesabu ya kweli hufanyika mbele ya geti. Hesabu yangu ya kwanza niliimaliza kwa siku moja kwa kutazama mbali tu, nikafurahi. Nilipozunguka baadaye nikakuta kreni tatu za Upanga nimezihesabu mara mbili, mara moja kutoka kwenye pantoni na mara nyingine kutoka darajani, na moja fupi iliyojificha nyuma ya jengo kubwa sikuwa nimeiona kabisa.

Ukifika, tafuta bango la mradi. Hapa kwetu bango lina mwenye mradi, mkandarasi, mbunifu majengo, mhandisi mshauri na mkadiriaji majenzi. Kenya tazama pia usajili wa NCA, Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi. Andika matumizi ya jengo: makazi, ofisi, hoteli, biashara, hospitali, shule. Hesabu ghorofa zilizomwagwa jamvi, yaani sakafu ya zege, mpaka siku hiyo. Namba hii ya ghorofa itakufaa kuliko vyote miezi mitatu ijayo, usiiruke.

Ongea na mlinzi. Msalimie kama mtu, si kama kizuizi: "Shikamoo mzee" kama kakuzidi umri, "Habari za kazi, kaka" kama mmelingana. Mwambie unachofanya na umwonyeshe daftari. Mlinzi aliyepo tangu msingi anajua kreni ilifungwa lini, kazi ilisimama mwezi gani, na kama wanafanya kazi usiku. Akikataa, mshukuru uondoke. Bango utalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hapa kuna maonyo mawili, na sina mzaha nayo. La kwanza, usiingie ndani ya uzio na usisimame chini ya mkono wa kreni hata kama uko barabarani. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Machi 2013, la Kariakoo likaanguka Novemba 2024, na watu walipoteza maisha. Saiti si mahali pa kuingia kwa udadisi. La pili, usipige picha za Ikulu, kambi za jeshi, bandari wala ofisi nyeti za serikali. Kreni ikiwa nyuma ya majengo hayo, iandike daftarini bila picha.

7. Jaza jedwali siku hiyo hiyo.

Mstari mmoja ni kreni moja kwa tarehe moja. Safu zangu ni hizi: namba ya kreni, tarehe, kanda, mtaa, latitudo na longitudo, umbo, rangi, matumizi ya jengo, ghorofa zilizofikiwa, hali, jina la picha, aliyehesabu, maelezo. Kreni ya tatu uliyoiona Upanga inaitwa UPA-03 na itabaki na jina hilo mpaka ishushwe. Ikishushwa, jina halipewi kreni nyingine.

Saiti moja yenye kreni mbili ina mistari miwili, lakini ongeza safu ya namba ya saiti ili ujue ni mradi mmoja. Ukikosa safu hiyo, mwenye mradi mmoja mkubwa ataonekana kama watu wawili.

8. Tenganisha kreni inayofanya kazi na iliyolala.

Kreni kusimama si dalili kwamba kazi inaendelea. Mradi ukikosa fedha, au wenyewe wakipelekana mahakamani, kreni inaweza kubaki angani miaka, mkandarasi hana hata nauli ya kuishusha. Nairobi jengo la The Pinnacle kule Upper Hill lilizinduliwa 2017 likitajwa kuwa refu kuliko yote Afrika, kisha kazi ikasimama. Anayehesabu vyuma tu angeendelea kuandika "ujenzi upo" mwaka baada ya mwaka.

Utaijuaje iliyolala? Anza na mkono wake. Opereta anapofunga kazi huiacha kreni huru izunguke na upepo kama bendera, ili isishindane nao ikaanguka. Mkono mrefu hujielekeza kule upepo unakokwenda. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini, kreni zote zilizopumzika hutazama upande wa kaskazini. Ikija kaskazi zinageukia kusini magharibi. Simama darajani Jumapili jioni uone: mji mzima mikono imeelekea upande mmoja kama waumini kwenye safu. Sasa rudi Jumanne saa nne asubuhi. Zile zinazofanya kazi zimetawanyika kila upande. Ile ambayo bado inafuata upepo saa za kazi, itilie alama ya kuuliza.

Alama moja haitoshi, opereta anaweza kuwa anasubiri lori la nondo. Itazame kwa dakika 20. Kisha tazama ishara nyingine: ndoano ina mzigo? Kuna watu kwenye jamvi la juu kabisa? Nondo za nguzo zilizochomoza juu ni mpya au zimeshika kutu na kugeuka kahawia yote? Kuna mchanga na kokoto getini, au majani yameota kwenye rundo? Ghorofa zimeongezeka tangu hesabu iliyopita?

Ninaandika hali kwa maneno manne tu: inafanya kazi, inasubiri, imelala, imeshushwa. "Inasubiri" ni ile ambayo sina hakika nayo, na hairuhusiwi kubaki hivyo hesabu mbili mfululizo. Ghorofa zisipoongezeka kwa miezi mitatu na hakuna mtu juu, inaingia "imelala."

9. Hesabu wanaoingia na wanaotoka.

Jumla peke yake husema kidogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mei una kreni 27: 22 zinafanya kazi, 5 zimelala. Agosti unakuta mpya 4. Zilizoshushwa ni 6, kati yake 5 zilikuwa zikifanya kazi na 1 ilikuwa imelala. Kreni 1 iliyolala imeamka, na 2 zilizokuwa kazini zimelala.

Jumla: 27 + 4 − 6 = 25.
Zinazofanya kazi: 22 + 4 − 5 + 1 − 2 = 20.
Zilizolala: 5 − 1 − 1 + 2 = 5.
Hakiki: 20 + 5 = 25.

Hesabu isipofunga namna hii, kuna mstari umeukosea. Usiendelee mpaka uupate. Ukiifanya Mei kuwa 100, Agosti ni 20 ÷ 22 × 100, yaani 91.

Mtu mwenye haraka atasema ujenzi umeshuka kwa asilimia 9. Wewe fungua orodha. Kati ya zile 5 zilizoshushwa zikiwa kazini, majengo mangapi yalikuwa yamefika ghorofa ya mwisho? Kama ni manne, hapo hakuna msiba. Kreni huja msingi ukikaribia kuisha na huondoka jengo likifika juu, wakati lipu, umeme, mabomba, vioo na lifti bado vina miezi mingi mbele. Mafundi wa umaliziaji wana kazi kuliko jana. Kinachopaswa kukuhuzunisha ni mpya kuwa 4 tu dhidi ya 6 zilizoondoka, na zaidi ya hapo zile 2 zilizolala, kwa sababu nyuma ya kila moja kuna vibarua waliorudishwa nyumbani.

10. Hesabu saiti zisizo na kreni.

Ukiishia hatua ya 9 utakuwa umeipima Masaki na kuisahau Kariakoo, na hilo ni kosa kubwa zaidi katika miji yetu kuliko Toronto. Kariakoo viwanja ni vidogo na mitaa imejaa watu. Ghorofa nyingi hupanda kwa mirunda, lifti ya mizigo na mabega ya vijana. Kwenye anga hutaona kitu. Shuka chini uone zege inavyopanda.

Tembea mtaa kwa mtaa, kama wale wa London. Andika kila saiti ya kuanzia ghorofa nne isiyo na kreni, na ghorofa ilizofikia. Itunze kwenye jedwali la pili. Usizigeuze kuwa kreni kwa kuzidisha au kugawanya. Ni kipimo kingine, kinakaa kando ya kile cha kwanza.

11. Linganisha kwa uangalifu, kisha toa matokeo.

Linganisha kanda na kanda, na mji na wenyewe wa mwaka jana, kabla hujaulinganisha na mji mwingine. Kumbuka pia kwamba ujenzi huhama. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na baadaye Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa, kazi nyingi zilikwenda huko. Aliyetazama Dar es Salaam pekee aliona upande mmoja wa mizani. Ukitoa namba, toa na tarehe, kanuni ya hatua ya 1, ramani ya kanda, na idadi ya zilizolala. Jina la mwenye mradi uliolala usilitangaze. Hujui sababu zake, na kazi yako ni kuhesabu mji.

Mambo yakikwama

*Namba imeshuka ghafla kwenye kanda moja.* Kabla ya kuamini, tazama hali ya hewa ya siku ile kwenye picha zako. Ukungu na vumbi huficha kreni za mbali. Rudi saiti zile tu zilizotoweka.

*Wawili tumehesabu kanda moja tukapata tofauti.* Msitafute wastani. Wekeni orodha zenu pamoja, mstari kwa mstari, nendeni pamoja kwenye zile zisizofanana. Mara nyingi ni pampu ya zege au mlingoti usio na mkono.

*Kreni imehama mita chache ndani ya saiti ile ile.* Kama ilishushwa na kufungwa upya, ipe namba mpya na uandike kwenye maelezo. Kama ni mkono tu umegeuka, hakuna kilichobadilika.

*Nitumie picha za setilaiti?* Picha za bure za Sentinel-2 zina ukubwa wa mita 10 kwa nukta moja, na mlingoti wa kreni una upana wa mita mbili hivi, hutauona. Zinakufaa kujua kiwanja kimesafishwa. Google Earth ina picha kali zaidi, na kivuli kirefu cha kreni huonekana vizuri, lakini tarehe ya picha huichagui wewe. Itumie kujua kreni ilikuwepo mwaka fulani, usiitumie kwa hesabu ya leo.

*Mji wangu hauna kreni hata moja.* Anza na hatua ya 10. Hesabu saiti na ghorofa, kisha siku kreni ya kwanza itakapofungwa utakuwa na miaka ya kumbukumbu nyuma yake, kitu ambacho Dar es Salaam haikuwa nacho.

*Nimekosa hesabu ya Agosti, niliugua.* Acha nafasi hiyo wazi. Usiweke namba ya katikati ya Mei na Novemba, hata kama grafu itakuwa na pengo. Novemba ukifika kwenye geti, muulize mlinzi kama kreni ilikuwa juu mwezi wa nane. Atakachokuambia kiandike kwenye maelezo, pamoja na tarehe aliyokuambia.